Kelele za Cherehani Yako

Dada yangu mpendwa,

Natumaini goti limetulia na wateja wamepunguza ubishi. Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu na anadai nimenenepa. Nimemwambia hayo ni makadirio tu.

Lile tetemeko la mwezi uliopita lilikuwa dogo, wewe mwenyewe ulisema liliangusha mkasi basi. Ila sisi wapima matetemeko kazi yetu ni kuuliza lilianzia kina gani. Kama ni karibu na uso wa ardhi, siku likija kubwa lake, shule ya mtaani kwenu haina chake. Kama ni chini sana, kuna nafuu. Mkuu wangu alitaka jibu, nikampa: kilomita tisa. Akawapasha watu wa ujenzi, nao wakaahirisha kuimarisha kuta za shule.

Sasa dada, ile tisa ilikuwa na mkia, nikauficha. Kipimo cha mitikisiko tulichokiweka stoo kwako ndicho kilichokuwa karibu zaidi, na saa ile ulikuwa ukishona sare. Kwenye rekodi, mwanzo wa tetemeko umezama ndani ya kelele za cherehani yako. Nilirudia hesabu mara elfu, kila mara nikisogeza kidogo pale mtikisiko unapoanzia, majibu yakatawanyika kuanzia tatu hadi kumi na tano. Tisa ni katikati tu.

Jana nilimpelekea mkuu hesabu nzima. Kuta zitaimarishwa. Aliniuliza kwa nini nilificha, nikasema nilipitiwa. Akasema mtu wa umri wangu hupitiwa na miwani, siyo na kilomita kumi na mbili.

Wewe nitakwambia kweli. Tangu shemeji atutoke, kila asubuhi nafungua rekodi za stoo yako. Saa moja na nusu naona hatua zako, mguu mmoja mzito, kisha cherehani inaanza. Hapo ndipo nakunywa chai. Wenzangu huzichuja kelele hizo wazitupe. Mimi ndizo ninazozitafuta. Nilijua nikitaja kosa lilivyo pana, watauliza sababu, na kipimo kitaondolewa kwako.

Na kweli, Alhamisi wanakuja kukihamishia mlimani, kusiko na kelele. Wape ufunguo, usiwagombeze. Mwenye kosa ni mimi. Najua wewe husema simu ni za wasio na kazi, lakini nipigie saa moja na nusu, hata ukohoe tu ukate.

Chai nitaiacha mezani mpaka nikusikie.

Wasalimie wapwa zangu wote.

Mdogo wako,
yule uliyembandika jina la Bwana Takribani