Kigoda cha Enzi ya Mjerumani

Zamda nimekwisha. NIMEKWISHA.

Si unajua nilivyoamua nyumba ibaki na vitu vichache tu? Kile kigoda kikuukuu cha sebuleni nilimpa mama muuza makande wa Kwa Mrombo.

Leo baba mkwe kaja. Kesho anambariki mwanangu, na lazima akikalie. Akauliza kwa upole, "Kigoda kiko wapi, mama?"

Kwa upole, Zamda!

Nimekimbia Kwa Mrombo. Mama kashakipasua kuni. Makande yanachemka.

Nimempigia mume wangu, ndiyo kwanza ananiambia: Mjerumani alipochoma boma lao, babu wa baba yake alikimbia na kitu kimoja tu. Kigoda hicho.

Mimi nikabakiza makochi.

Mzee kakataa kuyakalia. Kasimama pale sebuleni, anakisubiri.