Kibanda cha Watu Wawili

Jumatatu, 3 Juni

Nimekipata! Kibanda namba nne, Ziwa la Heron, Ijumaa 9 Agosti mpaka Jumapili. Aliyekuwa amekishika kaghairi. Nilipiga simu nikiwa kazini kwenye mizani ya ghala, lori la mahindi limesimama dirishani, dereva ananikodolea macho. Jolene wa ofisi ya hifadhi akauliza mko wangapi. Wawili, nikasema. Ulimi ulitangulia.

Wawili — mimi na nani?

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwandikia dada LaVonne. Barua, si simu. Simu atakata.

Tangu mazishi ya mama hajanitamkia neno. La mwisho alinipa mlangoni mwa kanisa, watu wameshika sahani za keki: "Umeninyima kumuaga mama, Arlys. Ukae nalo hilo."

Nakaa nalo. Februari ile muuguzi aliniambia mama anaweza kuishi mpaka asubuhi. Nje barafu tupu. LaVonne yuko Albert Lea, kule Minnesota, maili sitini. Ningempigia angewasha gari palepale, namjua. Nikasema kwanza kupambazuke. Mama hakungoja.

Hayo ndiyo niliyomweleza kila mtu. Kwenye barua sikuyagusa. Nimeandika tu: nimepata kibanda, vitanda viwili, njoo. Nimeichana mara tatu. Ya nne nikaitumbukiza kabla sijaisoma tena.

Jumapili, 23 Juni

Kanisani wameniuliza kama LaVonne hajambo. Hajambo, nikajibu. Ninajuaje?

Alhamisi, 4 Julai

Fataki mjini. Nimezitazama kutoka ngazi za jikoni. Mbu!

Nimekwenda kufungua sanduku la barua. Sikukuu, posta imefungwa, ninajua. Nimefungua hivyo hivyo.

Jumatano, 17 Julai

Kadi! Picha ya samaki mkubwa mbele, neno moja nyuma: "Tutaona." Hakuna salamu. Hata jina hajatia — mwandiko wake ningeujua gizani.

Nikamwonyesha Gaylen, bosi wangu. Akaishika kwa mbali, maana miwani kaisahau tena, akacheka. "Bi Arlys, huyo anakuja! Watu wa kule Minnesota hawasemi ndiyo. Ingekuwa hapana angekuandikia kurasa sita."

Nilicheka mpaka dereva akaniuliza uzito mara mbili. Jioni nimeisoma tena. Tutaona. Inategemea umeisoma saa ngapi.

Jumatano, 7 Agosti

Nimepakia. Mahindi mabichi kumi na mawili, soseji, bakuli la viazi na nyama la kuoka. Kahawa ile chungu aipendayo. Mito mitatu — yeye hulalia miwili. Dawa ya kupe. Viti viwili vya kukunja.

Chakula cha watu sita! Nimepunguza mahindi. Nimeyarudisha.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimefika saa tisa alasiri. Jolene akanipa ufunguo: "Mwenzako yuko nyuma?" Labda, nikasema. Akanitazama kidogo, akaongeza taulo la pili.

Kibanda ni kizuri. Kinanuka mbao na moshi wa zamani. Ziwa limetulia, kijani pembeni. Nimeweka viti viwili nje, nikakalia kimoja. Kila gari likikata kona nanyanyuka. Karavani. Karavani. Mzee na mtumbwi wake juu ya gari.

Jirani, baba wa familia yenye hema kubwa la bluu, akaja na heshima zake: "Samahani mama, kile kiti kina mtu?"

"Kina," nikasema.

Akaomba radhi, akarudi zake. Wamekaa sita kwenye viti vitano, wanapokezana, wanacheka. Ningempa. Kwa nini sikumpa?

Saa moja nimechemsha mahindi mawili, nikala moja.

Sasa mvua imeanza, nipo ndani, na nitaliandika kwa sababu hakuna wa kulisoma. Haikuwa barafu. Barafu ilikuwepo, lakini si yenyewe. Maisha yote mama alikuwa akinishika mkono akiniita LaVonne. Kila siku miaka minne nimemlisha, nimemwogesha, na macho yake mlangoni — LaVonne anakuja lini? Siku ile hakuuliza. Aliniita Arlys. Nikaona nikipiga simu, LaVonne ataingia na mama atageuza uso. Nilitaka awe wangu. Kwa saa chache tu! Simu ilikuwa mfukoni mwa sweta.

Basi.

Jumamosi, 10 Agosti

Wamekuja!!

Saa nne mlango umegongwa. Merle, mume wa LaVonne, peke yake, kofia mkononi kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Shemeji, usiogope. Yuko garini."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Kagoma. Tumefika toka saa tatu. Tumezunguka ziwa mara mbili, nikamwambia mke wangu, mafuta haya yanakwisha. Njia nzima kanisemesha mara mbili, zote kuhusu ninavyoendesha." Akachungulia jikoni. "Hiyo ni ya viazi?"

Nikamkatia kipande kwenye karatasi. Akaenda nacho ukingoni mwa ziwa, kabisa kule mbali, akakaa ametugeuzia mgongo. Mtu mwema, Merle.

Nikaenda. Gari linanguruma, vioo juu. Amekonda. Nywele kaziacha nyeupe — sikujua! Alikuwa akitazama mbele, mikono juu ya mkoba. Nilisimama pale kama mwombaji, mpaka kioo kikashuka, upana wa vidole vinne.

"Dada," nikasema.

"Usiniite dada. Barua yako nimeisoma mpaka ikachanika. Vitanda, ziwa. Hukusema kitu." Kisha taratibu, bado hanitazami: "Nilikuuguza surua mimi, Arlys. Najua unavyodanganya. Unasema barafu, na shingo inakuwa nyekundu. Niambie kwa nini. Nisije nikashuka bure."

Na mimi nimemwambia nini? Nimemwambia ngoja nilete kahawa!

Kahawa! Nimekimbia kama panya. Naandika nimesimama, daftari juu ya stovu, maji yanachemka. Maneno niliyoyaandika jana ni ukurasa huu wa nyuma. Nimejaribu kuyatamka kwa sauti hapa jikoni, nimefika "nilitaka", nimekwama. Akiyasikia anaweza kumwita Merle na kuondoka, na haki atakuwa nayo. Nisipoyasema ataondoka tu.

Maji yanamwagika. Nimezima.

Kimya. Si stovu peke yake — injini. Kaizima.

Mlango wa gari. Hatua kwenye changarawe, zile fupi fupi zake. Ameshafika ngazini na sijatia hata kahawa kikombeni. Anasema nje ya wavu wa mlango, hagongi: "Arlys, shingo yako ikoje?"