Jini Linalokimbia Adhana

Jumanne, 4 Machi
Dagaa nimegeuza juani mara mbili, nikiwa nimefunga. Mchana mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi. Nilivyofika nyumbani sikumbuki. Mama mkwe anasema nilimtukana. Adhana ya magharibi ikalia, wakanitia tende mdomoni, nikazinduka. Basi ushahidi umepatikana: nina jini, na linaogopa adhana.

Alhamisi, 6 Machi
Tena. Nimefukizwa ubani mpaka kifua kinauma. Hamisi, mume wangu, alikuwa anatazama ukuta. Mwanamume mzima.

Jumapili, 9 Machi
Wamemchukua mwanangu Zuhura. Kapelekwa kwa shangazi yake Buzebazeba, eti mtoto asilale na mwenye jini. Hamisi ndiye aliyefunga begi. Simsamehe.

Jumatano, 12 Machi
Nimeanguka ufukweni Katonga, juu ya dagaa za watu. Mama Bukuru, tunayeanika naye, hakungoja adhana. Kanipakia bodaboda hadi hospitali. Wakanitoboa kidole, sukari karibu hakuna. Dripu ikaingia, nikafumbua macho jua likiwa utosini, magharibi bado mbali.

Daktari anashuku uvimbe kwenye kongosho. Unamwaga insulini ovyo, sukari yote inaisha, na nikifunga ndiyo hatari zaidi. Nikapimwe Dar. Funga nimekatazwa.

Kumbe ni tende, si adhana. Siku zote ilikuwa tende.

Nimewaeleza nyumbani. Mama mkwe kajibu, "Limejificha tu. Linamchezea daktari."

Ijumaa, 9 Mei
Dar. Picha zilionyesha uvimbe, juzi wameutoa. Daktari anasema ulikuwa kama punje ya njugu. Sukari sasa inakaa yenyewe. Nimelia, kwa hasira. Kitu kidogo hivyo kimeninyang'anya mwanangu, na watu wangu wakakisaidia.

Hamisi kapiga simu. Mama yake anauliza kama walisoma dua kabla ya kupasua. Nimekata.

Jumatatu, 3 Novemba
Zuhura karudi wiki iliyopita. Daktari kaniruhusu kufunga, leo nimeanza kulipa siku zangu za Ramadhani. Mchana nimegeuza dagaa, mikono imetulia. Jioni mama mkwe na Hamisi walikaa ukumbini wakinitazama. Hakuna aliyeomba radhi, nami sikudai.

Adhana ilipolia, Zuhura alirudi nyuma mpaka mlangoni. Nikala tende polepole, aone. Nilipotoa kokwa mdomoni ndipo akaja kukaa kando yangu.