Aliyekata Kufuli la Ukumbi

MAELEZO YA SHAHIDI

Tuhuma: Kuvunja kufuli na kuingia katika jengo la manispaa
Shahidi: Mwanamke, anajulikana kama Mama Cherehani
Umri: Miaka 47
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Hana makazi ya kudumu kwa sasa

Mimi ni mtu mzima na akili zangu ni timamu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Afisa anayeniandika amenieleza kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, nami nimeelewa.

Nilikuwa mpangaji katika jengo la ghorofa nyuma ya soko, chumba kimoja, mimi na mama yangu mzazi, ambaye anasumbuliwa na kifua. Mwezi uliopita jengo liliuzwa na mmiliki mpya akalibomoa. Wenye ndugu walienda kwa ndugu. Sisi tuliobaki tulijisitiri kwenye baraza la ukumbi wa zamani wa manispaa, uliofungwa kwa miaka. Asubuhi nilikuwa naisogeza cherehani pembeni naendelea na kazi. Mteja hajui fundi kalala wapi, anachotaka kujua ni nguo yake itakuwa tayari lini.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, siku ya Jumanne, majira ya saa nane mchana, lilikuja lori la manispaa na askari wa manispaa. Kiongozi wao ni huyu mnayemshikilia humu ndani. Tunamwita Kipenga, kwa sababu hasemi neno kabla hajapuliza. Alisema ameagizwa atuondoe, na vitu vyetu vipakiwe.

Nilimuuliza, "Kaka, vitu vinakwenda wapi?"

Akasema, "Bohari ya manispaa."

"Na sisi?"

Akasema, "Dada, hiyo sikuambiwa."

Walikuwa wameshaanza kupakia magodoro mvua iliponyesha. Upepo uliisukuma ikaingia barazani kutoka ubavuni, na mara maji yakatufika kwenye vifundo vya miguu. Mama alianza kukohoa, kisha akawa hapati pumzi. Midomo ilibadilika rangi. Nilimkumbatia nikapiga kelele. Sikumbuki nilisema nini.

Kipenga aliwaambia wenzake waache kupakia. Alivua koti lake la mvua akamfunika mama, kisha akapiga simu. Nilimsikia akisema, "Mheshimiwa, njoo uone mwenyewe. Mimi siwezi kumtoa mtu kwenye mvua hii. Kama ni kufukuzwa kazi, basi nifukuzwe."

Diwani wa kata yetu alifika na gari lake. Ni mwanamke wa makamo. Alishuka akifoka, "Kazi ndogo tu hii imekushinda?" Hapo akamwona mama, na hakumalizia. Aliuliza ufunguo wa ukumbi uko wapi. Kipenga akamjibu uko kwa msimamizi wa majengo na simu yake haipatikani. Diwani akauliza kama kwenye lori kuna kitu cha kukatia. Dereva akaleta mkasi mkubwa wa kukatia vyuma.

Kipenga alinyoosha mkono aupokee. Diwani akamwambia, "Lete hapa. Wewe una watoto wanaokula kwa mshahara huo."

Kufuli alilikata diwani kwa mikono yake. Mara ya kwanza mkasi uliteleza, akatoa neno ambalo afisa ameniambia si lazima liandikwe. Mara ya pili kufuli likaanguka. Nilikuwa nimesimama karibu na ilikuwa mchana. Wenzetu waliingia ndani na watoto. Diwani alimpa Kipenga mkasi, akamshika mama miguu, mimi nikamshika mabega, tukampakia kwenye gari hadi hospitali.

Yaliyofuata ukumbini sikuyaona. Nimeambiwa na jirani yangu, fundi redio. Anasema msimamizi wa majengo alikuja akakuta mlango wazi, akaita polisi. Polisi walipouliza nani kavunja, Kipenga alisema, "Mkasi ninao mimi." Wenzake walitaka kusema, akawakata jicho, wakanyamaza.

Hospitali mama aliwekewa hewa ya oksijeni. Diwani alikaa nami kwenye benchi na nguo zake mbichi mpaka daktari akatuambia hatari imepita. Simu yake ilikuwa imeingia maji, ndiyo maana hakujua ya huku. Aliniambia kesho yake baraza la madiwani linakutana, niende. Nikamuuliza mimi nitasema nini mbele ya wakubwa. Akasema, "Usiseme kitu. Kaa mahali nikuone. Nikikuona sitalegea."

Leo, Jumatano, asubuhi, mama aliomba chai, akalalamika haina sukari. Nikajua amerudi. Nikaenda kwenye kikao cha madiwani.

Diwani mmoja alisema, "Tukiwafungulia hawa, kesho mji mzima utahamia ukumbini." Nilinyamaza kama nilivyoagizwa, ingawa suruali aliyovaa nilimwongezea kiuno mimi. Diwani wetu alisimama akamjibu, "Mheshimiwa, hawa hawajahamia kutoka popote. Ni watu wetu, watoto wao wako shule zetu. Kila mwezi tunawatumia lori. Nani hapa ameona lori linampa mtu nyumba?"

Walibishana sana. Mwishowe waliamua ukumbi utumike kwa dharura na vyoo vyake vifunguliwe. Nyumba za watumishi zilizokaa tupu zikarabatiwe, zipangishwe kwa kodi ambayo mtu wa kipato changu anaimudu. Pia mtu asihamishwe tena mpaka ofisi ya ustawi wa jamii ionyeshe anakwenda wapi. Mikono ilinyooka mingi kuliko nilivyotegemea. Mwenye suruali naye alinyoosha, wa mwisho. Nililia, lakini kimya kimya.

Tulipotoka nje ndipo fundi redio akanipa habari za Kipenga. Nilimkimbilia diwani ngazini nikamwambia. Alisimama. "Amekamatwa kwa lipi?" Nikasema, kwa kufuli. Akasema, "Twende."

Hivi sasa yuko nje, kwenye benchi la wageni. Nilimsihi atangulie, akakataa. Alisema, "Nikianza mimi watadhani namkingia mtu wangu kifua. Wewe alikuja kukuhamisha, huna sababu ya kumtetea."

Hapa ndipo ninapoishia. Niliyoyaona nimesema nimeyaona, na niliyoambiwa nimesema nimeambiwa. Sijaongeza wala kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali ni sahihi. Maelezo ya diwani yamechukuliwa baada yake. Anakiri kukata kufuli na yuko tayari kujibu. Msimamizi wa majengo ameondoa lalamiko. Mtuhumiwa ameachiwa saa kumi na moja jioni kwa idhini ya mkuu wa kituo. Alipoulizwa kama ana la kusema, aliuliza wodi ya mgonjwa ni ipi. Ameondoka pamoja na shahidi.

Koplo wa zamu