Chokaa ya Ubatizo wa Nekesa

Mume wangu, Baba Nekesa,

Huko uliko natumaini hakuna kahawa ya kupulizia dawa. Ulichoshwa nayo vya kutosha.

Bado nakuona shambani Ruiru, miaka ile ya Hali ya Hatari, umeinamia pipa la mbao. Uliyeyusha mrututu, yale mawe ya buluu, ukaumimina polepole kwenye maji ya chokaa, ikawa dawa ya kutu ya majani. Kisha ukachovya kisu. Kikitoka kinang'aa, sawa. Kikitoka na wekundu wa shaba, chokaa haijatosha, na dawa hiyo itaunguza kahawa. Wenzako walikuita daktari kwa sababu ya kisu hicho, nami nikacheka nao.

Wiki ya ubatizo wa Nekesa wetu ulishikwa na homa, nikachanganya mimi. Lakini siku moja kabla nilikuwa nimechota chokaa ya dawa nikapaka chumba chetu. Wageni walikuwa wanatoka nyumbani Bungoma, na nilitaka wakute ukuta mweupe. Ulitoka ukitetemeka, blanketi mabegani.

"Mama Nekesa, umepima na kisu?"

"Nimepima. Iko sawa."

Sikuwa nimepima. Niliogopa nitakachokiona.

Siku ya tatu majani yalikauka kingo, mstari baada ya mstari. Nyapara akafoka, "Nani alichanganya hii dawa?" Ukajibu kabla sijafungua kinywa: "Ni mimi, bwana." Siku hizo wangeweza kusema umefanya makusudi, wakufunge. Walikuita mzembe tu, ukashukuru. Tukafukuzwa, mtoto mgongoni. Huko Thika ukabeba ngozi mbichi kiwandani mpaka kifua kikachoka, na jina la mzembe halikukuacha.

Ulijua, Baba Nekesa. Ulilala kando ya ule ukuta. Hukuniuliza tena hata siku moja.

Jumapili iliyopita Nekesa alikuwa akimgombeza mwanawe. "Usiwe mzembe kama babu yako!" Nikashindwa kuvumilia. Nilimweleza yote, chai ikapoa mezani. Hakulia wala hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu.

"Na baba alikufa hujamwambia?"

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kahawa ile niliiunguza mimi. Nisamehe, kama kusamehe bado kuko mikononi mwako.

Mkeo,
Mama Nekesa