Zawadi Alikufa Mimi Nikiwa Matangani

Bunia, Jumapili, tarehe 16 Machi. Asubuhi ukungu mzito na baridi, kisha mvua nyepesi ambayo haikutosha hata kulaza vumbi.

Yaya Dido,

Jana tulikaa mezani bila wewe. Meza ni ileile, mlango wa zamani wa jikoni juu ya makasha mawili ya bia. Jirani yetu Furaha alileta mikate ya mafuta. Baraka alitoa kete mfukoni na kuzimwaga kama kawaida yake, moja ikamwangukia mbuzi aliyekuwa akipita. Kiti chako kilikuwa wazi, na mbele yake lile katoni la sabuni ulilojificha nyuma yake ukirusha kete zako.

Wewe kaka yangu ndiye uliyetufundisha mchezo huu, mwaka ule ulipomaliza masomo ukakosa kazi. Ulisema hauhitaji umeme wala megabaiti. Mmoja anasimulia, wengine, kila mmoja anabeba mtu wake wa hadithini, anamsemea, anamchagulia njia, na pale ambapo hakuna ajuaye litakalotokea, kete inaamua. Mimi nilimbeba Zawadi, mganga wa msafara wetu, mwenye mguu mmoja mfupi na mdomo usiofungwa. Ulinicheka sana. "Weye hata mu hadithi unachagua mutu wa kusumbua watu!"

Unakumbuka siku mwindaji wa Baraka alipotumbukia shimoni? Ulirusha kete, ukasema "Amekufa," ukaendelea na hadithi. Baraka alikusanya kete zake, akainuka kwenda kwao. Ndipo akasema: "Baba mudogo alizikwa kule Fataki, barabara imefungwa, mimi niliambiwa tu kwa telefone. Na hapa tena naambiwa tu?"

Jumamosi iliyofuata ulikuja na sheria. Hakuna mtu anayekufa kama mwenyewe hayuko mezani. Mwenyewe anaulizwa kwanza: afe, au abaki hai na kovu? Akikubali kifo, anamsemea maneno ya mwisho. Kisha tunafanya matanga: chai yenye sukari nyingi, na kila mmoja anasimulia jambo moja alilolifanya marehemu. Mwisho, karatasi yake yenye jina na nguvu zake inakabidhiwa mwenyewe, aende nayo nyumbani. Tulianza na mwindaji wa Baraka. Uliposimulia jinsi alivyomlenga nyati akapasua chungu cha chifu, Baraka alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Siku ile niliona fahari kuwa mdogo wako.

Kwa hiyo sheria haikuwa yangu. Ilikuwa yako.

Shangazi alipofariki, ulinisindikiza hadi kwenye pikipiki. "Enda matangani kwa ajili yetu wote wawili," uliniambia. "Siye tutakungojea. Hatutacheza." Nikaenda. Nililala mkekani pamoja na wamama, nikaimba, nikasugua masufuria. Niliporudi Jumapili nilikukuta unakunja mashati.

"Zawadi alikufa jana," ulisema, macho yako kwenye kola. "Daraja lilikatika. Kete ilisema moja."

"Mulicheza?"

"Kidogo tu."

"Na sheria?"

"Ah, weye nawe. Iko karatasi tu."

Jumatatu kabla jua halijatoka ulishapanda pikipiki kwenda Mongbwalu kuchimba dhahabu. Mama alijua. Furaha alijua. Mimi niliyaona mashati, nikadhani unasafisha chumba.

Furaha hakuweza kukaa na siri hiyo. Huwa anakaa kushoto kwako, pale katoni lilipochanika. "Kete ilikuwa tano," aliniambia. "Niliiona na macho yangu. Yeye akasema moja. Nilimuuliza juu ya nini anafanya vile. Akasema, Zawadi akiwa muzima hadithi haitaisha, na mimi nataka iishe mbele ya kuenda."

Silii kwa sababu ya kifo, Yaya. Zawadi angeweza kufa. Ungeniuliza, labda ningekubali, ningemtafutia maneno mazuri. Lakini wewe ulijua tabia yake: mtu mmoja akipotea, yeye alisimamisha msafara mzima. Ulijua kwamba nikiwa mezani nitakuuliza unaenda wapi na utarudi lini. Ulikuwa na kwaheri moja ya kunipa, ukampa mtu wa karatasi, nami nikiwa sipo. Ungeniambia kweli, ningekukasirikia siku mbili, kisha ningekupigia mashati pasi.

Sasa hadithi naisimulia mimi, kwa sababu waliobaki walilisukuma katoni upande wangu. Baraka hakungoja hata mkate. "Kwanza tumuue Muzee Pondu," alisema. Yule mvushaji wako wa mto, uliyemsemea kwa sauti ya puani, ambaye nauli yake ni sahani ya majani ya muhogo, pondu ya jina lake. "Aanguke mu maji, mamba amule. Kete ya nini?"

Furaha alicheka. Mimi nilishika kete, na nilitaka. Nilishaiona kofia yake ikielea peke yake.

"Mwenyewe hayuko mezani," nikasema.

Baraka akasonya. "Na yeye alikuuliza?"

"Hapana."

"Basi?"

"Basi sheria iko ya siye. Haiko yake tena."

Kwa sheria hiyohiyo Zawadi hajafa. Tumemkuta ukingoni chini ya daraja, mguu ule mrefu umevunjika. Furaha anasema sasa miguu yake inalingana. Katoni nimelichana, kete zinarushwa wazi, kila mtu akiona.

Jioni msafara ulifika kwenye mto wa Muzee Pondu. Alikuwa mtumbwini, akaita kwa ile sauti yako, "Pondu iko?" Baraka alimwigiza vizuri mno, nikageuza uso. Hakuna aliyepanda. Tulimbeba Zawadi mgongoni, tukafuata ukingo kutafuta kivuko kingine.

Siku ukirudi, kiti chako kipo. Utakaa mbele yetu, na mimi nitakuuliza juu ya Muzee Pondu: afe, au abaki na kovu? Utajibu ukinitazama.

Uwe salama huko shimoni.

Mdogo wako, uliyemtuma matangani

Saa saba na robo usiku. Ndiyo kwanza nalala.