Sikuyasikia Maji ya Moto

Mohoro,
Juni 1999

Dada yangu mpenzi Waride,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto. Huku mama mkwe anakusalimu sana, na mume wangu Nassibu yuko shambani anavuna mpunga. Mimi nina hofu, dada, hofu ya kuninyima hata hamu ya chakula.

Ule uvimbe wa shingoni umenywea tangu nianze dripu za saratani Dar, alhamdulillahi. Lakini safari iliyopita, niliposhuka kivukoni Ndundu, abiria wakaanza kucheka. Kumbe natembea na kandambili mguu mmoja, nyingine imebaki topeni nami sina habari. Nikacheka nao kuficha aibu.

Juzi miguu ilikuwa mizito, mama mkwe akanikanda kwa maji ya moto, kama tunavyokandwa tukijifungua. Akauliza kama moto unatosha, nikamwambia aongeze. Alipoondoa kitambaa, ngozi ikatoka nacho. Aliyepiga yowe ni yeye. Mimi nilitazama tu, kana kwamba mguu ni wa jirani.

Hospitali kuna nesi Tereza, mtu wa bara, mpole. Kabla ya kila dripu huniuliza kama vidole vinachomachoma, kama vifungo vya gauni vinanishinda, kama viatu vinanivuka bila kujua. Anasema dawa hii huweza kuua mishipa ya fahamu, na atajua mapema kwa mdomo wangu tu. Nami kila mara humjibu sina neno. Mwamini, tuliyelazwa naye, alipokiri ganzi walimpunguzia dawa. Mimi wakinipunguzia, uvimbe si utarudi? Mficha maradhi kifo humuumbua, najua, lakini kuyataja ndiko kunakonitisha.

Sasa nikwambie ambalo hata Nassibu hajui. Jana Iman, mwanangu ambaye hata kutembea hajaanza, alinichopoka mikononi. Nilidhani nimemshika. Mungu akamjalia akaangukia godoroni.

Jumatatu basi letu litapita hapo Kibiti. Panda, twende wote. Nesi akiuliza nitasema sijambo, najijua. Unikanushe papo hapo, dada, mbele ya watu.

Msalimie shemeji, na wanao uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwanahawa